Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Husemwa kwamba mwenye kipato kidogo hana cha kuweka. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, ambavyo leo vimeenea Afrika Mashariki, vinaitia dosari hoja hiyo. Katika vingi, fedha hufungiwa sandukuni kwa kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, hadi mkutano unaofuata. Akiba hukua kwa sababu ni shida kuigusa. Kweli, kijana wa vibarua ataweka kidogo kuliko mzazi mwenye duka. Lakini miaka iko upande wake, na mazoea hujengwa hata kwa shilingi chache. Mstaafu ndiye ningemwekea kufuli moja tu: dawa na nauli ya hospitali huhitajika leo.