Nani Ashike Mizani?

Mjini Moshi vyuma vya mazoezi aghalabu havikununuliwa dukani. Mikebe ya rangi hujazwa saruji, fito la chuma likapitishwa kati, vikaachwa vikauke uani. Gia kuukuu la lori likipatikana, nalo huingizwa kazini. Alasiri vijana hukusanyika wakanyanyua, na nyuma yao mlima umesimama, mita 5,895, umejifunika mawingu yake. Wengi wao hawatafuti zaidi ya afya, na shati kukaa vizuri begani. Wachache hutamani jukwaa: kushindana katika kutunisha misuli, tena kwa njia ya asili, yaani bila sindano wala vidonge vya kukuza mwili. Hao wachache ndio wanaoleta suali gumu. Je, mtu aweza kubaki na kiasi ndani ya jambo ambalo lenyewe limekwisha kuvuka kiasi?

Maana jambo lenyewe, likitazamwa kwa makini, si la kiasi hata kidogo. Misuli ya jukwaani haionekani kwa kukua tu. Huonekana kwa kuondoka kile kilichoifunika. Kwa hiyo, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, mshindani hupunguza chakula huku akiendelea kunyanyua, mpaka ngozi ikakaa juu ya nyama kama karatasi juu ya jiwe. Mayai huhesabiwa, viazi vitamu hupimwa kwa gramu, mafuta ya kupikia hudondoshwa kwa kijiko cha chai. Mwili, ambao haujui habari ya jukwaa, huona kwamba njaa imeingia nchini, nao hujihami kama ulivyojihami katika njaa zote za kale: hupunguza joto, hupunguza mwendo, hupunguza matamanio, na kumwachia mwenyewe fikra moja tu, nayo ni chakula.

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha habari za mtunisha misuli mmoja wa asili waliyemfuatilia kwa miezi 12, sita kabla ya mashindano na sita baada yake. Mafuta ya mwili wake yalishuka kutoka asilimia 14.8 hadi 4.5. Mapigo ya moyo wake alipokuwa ametulia yalishuka kutoka 53 kwa dakika hadi 27. Homoni yake ya kiume ilibaki kama robo ya ilivyokuwa. Nguvu zenyewe, ambazo mtazamaji angedhani zimefika upeo siku ile, zilikuwa zimepungua. Na kipimo cha moyo ule mwingine, moyo wa furaha na ghadhabu, kilionyesha mtu aliyevurugika. Baada ya miezi sita mafuta yalirudi karibu pale yalipokuwa, na utulivu ulirudi. Nguvu hazikuwa zimerudi zote.

Hapo lazima pasemwe neno juu ya hili jina la asili, kwa kuwa watu hulichukua kama hirizi. Ni kweli kwamba aliyejiepusha na dawa amejiepusha na balaa kubwa. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alifariki Uholanzi mwaka 1992, saa chache baada ya kushinda, mwili wake ukiwa umekamuliwa maji. Andreas Münzer wa Austria alimfuata mwaka 1996. Lakini yule mtu wa mapigo 27 alikuwa wa asili. Hakumeza chochote kilichokatazwa. Alifika pale kwa chakula, jasho na hesabu tu. Basi usafi wa njia hautoshi kuwa dhamana ya kiasi, kama vile mtu aweza kujilipua kwa fedha za halali.

Aristotle, aliyeandika sana juu ya kiasi, alichukua mfano wake kutoka papa hapa, katika chakula cha mwanariadha. Alisema kwamba ikiwa ratili kumi ni nyingi na mbili ni chache, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi atamwagizia kila mtu sita. Sita zitakuwa haba kwa Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri, na zitamzidi anayeanza. Kiasi cha mtu si katikati ya hesabu. Wasomaji wengi huishia hapo. Lakini katika mfano ule mna mtu mwingine ambaye hupitwa kimya kimya: mwalimu. Si Milo anayejiagizia. Kuna anayemtazama Milo na kukata shauri. Wahenga wa pwani wangelisema kwa maneno mawili, kinyozi hajinyoi.

Nao watu wa mlima wanalijua jambo hili kwa kazi yao. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hupandishwa siku moja mpaka kwenye mnara wa mwamba uitwao Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha jioni hiyo hiyo huteremshwa kulala Barranco, kiasi cha mita 3,900. Mgeni asiyejua huona amechezewa: kwa nini kupanda kote kule ili kushuka? Lakini ndivyo mwili unavyofundishwa. Hupelekwa juu ukaonja, kisha hurudishwa chini ukajitengeneza. Kileleni kila pumzi hubeba takriban nusu ya oksijeni anayoivuta mtu aliyekaa Forodhani akila urojo. Watu hufika, hupiga picha, wengine hulia, na baada ya dakika chache huteremshwa. Hakuna aliyejenga pale. Anayeongoza msafara akiwa na akili zake huhesabu kushuka kuwa sehemu ya safari tangu siku ya kwanza, na neno lake kubwa njiani ni lile lile la Waswahili: pole pole.

Tena kuna hili. Ugonjwa wa mwinuko ukimfika mtu kichwani, kinachoondoka mapema ni uwezo wa kujua kwamba anaumwa. Hupepesuka na kusema yu salama. Hukasirika akiambiwa apumzike. Ndiyo sababu kiongozi mwema hamsikilizi tu anachosema. Humtazama anavyotembea, humwuliza jana alikula nini, alilalaje, na jibu likichelewa yeye hulisikia hilo kuchelewa. Aliyeko juu ndiye wa mwisho kujua.

Mtu mwenye njaa ya muda mrefu naye huwa vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Minnesota, katika miaka ya 1944 na 1945, vijana 36 wenye siha walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili ijulikane jinsi ya kuwahudumia waliodhoofishwa na vita. Walikuwa watu wa imani na wapole, waliokataa kubeba bunduki. Njaa iliwafanya wakali, wakajitenga, wakaacha mizaha. Wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo tenzi, na kukusanya maelekezo ya vyakula ambavyo hawakuruhusiwa kuvila. Walijua kwamba ni jaribio, na walijua tarehe ya kumalizika kwake. Kujua hakukuwaokoa.

Sasa na achukuliwe kijana wa Majengo, Moshi, wiki tatu kabla ya siku yake. Ana mizani mbili: moja ya kupimia chakula na moja ya kujipimia mwili. Ana kioo. Kila asubuhi vyote vitatu humwambia kwamba anaendelea vyema, na wala havimdanganyi, maana haviulizwi ila suali moja. Kisichopimwa ni kwamba amekuwa akimkatiza mdogo wake maneno. Kidari cha kuku kinachopikwa chakuchaku bila chumvi ni chake peke yake, na nyumba nzima inakula makande, kwa kuwa fedha ya kitoweo ni moja. Mama amepika mtori, ndizi zikapondwa na nyama mpaka zikalainika, chakula ambacho Wachagga humpa mwanamke aliyejifungua ili mwili wake ujijenge upya. Elimu ya kujenga mwili ilikuwapo mlimani kabla ya mikebe ya saruji. Naye kijana anasema, "Shikamoo mama, mimi nimeshakula," na kuliondosha bakuli kwa mgongo wa mkono. Hana ubaya. Yu mbali tu, juu, mahali penye hewa nyembamba.

Wasomaji wa pwani wanakijua kisa cha Salman Mfursi alipomzuru nduguye Abu Dardaa. Hakuanza kwa kumtazama mwenyeji, aliyekuwa akifunga mchana na kusimama usiku. Alimwona kwanza mkewe, amevaa mavazi ya kujitupa, akamwuliza ana nini. Naye akajibu kwamba nduguyo hana haja na dunia. Kilipoletwa chakula, Abu Dardaa akasema amefunga. Salman akasema hatakula mpaka mwenziwe ale, akala. Usiku akamzuia kusimama mapema, mpaka ulipofika mwisho wa usiku wakasali pamoja. Ndipo akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Jambo hilo lilipofikishwa kwa Mtume, alimsadikisha Salman. Kisa hiki husimuliwa sana kwa ajili ya hizo haki tatu, na ni sawa. Lakini kuna ustadi mwingine ndani yake: Salman aliusoma upungufu wa mume katika nguo ya mke. Abu Dardaa angeulizwa mwenyewe, angesema yu katika heri.

Mtu aweza kupinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: jambo lolote kubwa hudai kuzidisha. Mshairi hukesha na kina kimoja. Nahodha wa jahazi huacha watoto kwa msimu mzima. Bila kuzidisha, dunia ingekuwa na wapishi wa chai tu. Kumwambia kijana awe na kiasi ni kumwambia asishindane. Ni kweli, na haifai kulikwepa. Lakini kinachodaiwa si kwamba asipande. Kinachodaiwa ni kwamba tangu mwanzo awe amemkabidhi mtu mwingine haki ya kusema "leo tunashuka", na kwamba akiambiwa hivyo asibishe kwa ushahidi wa kioo. Awe mwalimu, awe mama, awe rafiki asiyejua lolote juu ya protini. Pengine huyo wa mwisho ndiye afaaye zaidi, maana mwalimu naye hupenda ushindi.

Huko huko malangoni mwa mlima kuna mizani nyingine. Wapagazi huitundikia mizigo yao kabla ya kupanda, na ukomo uliowekwa ni kilo 20. Mpagazi ana mabega ambayo kijana wa jukwaani angeyaonea wivu, ila hakuna ampaye alama. Aliyapata kwa kubeba mahema na majiko ya wengine. Ukomo ule uliwekwa kwa sababu, akiachiwa mwenyewe, na karo za watoto zikimngoja nyumbani, angekubali zaidi. Njaa yake pia hakuipangia ratiba. Kijana anayepima viazi kwa gramu akikutana naye kwenye stendi ya Moshi, wote wawili wamekonda mashavu, mmoja kwa hiari na mmoja kwa msimu mbaya, ni vigumu kusema nani amwonee nani huruma. Lakini mmoja wao aweza kusimamisha njaa yake leo jioni.

Desemba ikifika, Wachagga hurejea kwao kutoka kila pembe ya nchi. Mabasi hujaa, vihamba vya migomba na kahawa hufagiwa, mbege huchachuka, na mbuzi huchinjwa. Nyama haigawanywi ovyo. Kila mtu katika ukoo ana pande lake kwa nafasi yake, na kulikataa ni zaidi ya kukataa nyama. Kijana wa wiki tatu kabla ya jukwaa naye amepanda na wenziwe, na kibuyu chake cha maji na kopo lake la viazi vilivyopimwa. Babu anaita majina. Jina lake linafika, na pande limenyooshwa juu ya jani la mgomba, mafuta yakimeremeta, na mkono wa mzee unatetemeka kidogo kwa uzito wa kungoja.