Kura ya Shule na Shukrani Yetu

Katika sharika zetu za Kiswahili hapa Marekani, kila mwaka inafika Jumapili ambayo sadaka ya shukrani huongezeka. Ni baada ya majibu ya shule kutoka. Mama anakuja mbele, anapokea kipaza sauti na kusema Bwana ametenda, mtoto amepata nafasi katika shule ya sumaku. Vigelegele vinapigwa, kwaya inaitikia kwa pambio, nasi wachungaji tunaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto na kuomba. Safu tatu nyuma ameketi mama mwingine. Mtoto wake aliomba shule ileile, akajaza fomu ileile, akajibiwa kwamba yuko mbali kwenye orodha ya kusubiri. Naye anapiga makofi.

Tunapotamka kwamba ni Mungu aliyetoa nafasi ile, tunamhubiri Mungu wa namna gani kwa yule mama wa nyuma? Swali hili tumekuwa tukilikwepa, kwa sababu hakuna anayependa kuharibu furaha ya mtu kanisani.

Kwa ndugu walioko nyumbani, tueleze kidogo. Shule ya sumaku ni shule ya umma, haina ada, lakini haichukui watoto wa mtaa wake tu. Kama sumaku inavyokusanya misumari kutoka kila pembe ya sanduku la fundi, shule hii huvuta watoto wa mitaa mbalimbali kwa kuwapa kitu ambacho shule ya karibu haina: sayansi na uhandisi, muziki na uchoraji, masomo katika lugha mbili, au mpango wa watoto wenye vipaji. Tunazozungumzia hapa ni za ngazi ya kati, darasa la sita hadi la nane, ambazo wanafunzi wake ni watoto walewale tulio nao kwenye darasa la kipaimara. Mzazi hujaza fomu miezi mingi kabla, akizipanga shule kwa jinsi anavyozipenda, kisha kompyuta inapiga kura. Baadhi ya shule haziridhiki na kura. Zinataka alama, mtihani, au mtoto apige ala yake mbele ya walimu. Wazee waliosoma Tanganyika ya miaka ya 1950 hawatashangaa. Wao pia walikuwa na shule za kati, na mtihani wa darasa la nne uliowarudisha wengi shambani kabla hawajazifikia. Na sisi tuliowafuata tunayakumbuka majina ya Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, na jinsi kijiji kizima kilivyojua ni mtoto wa nani aliyechaguliwa.

Lakini shule za sumaku hazikuanzishwa hasa kwa ajili ya kutafuta watoto werevu. Zilianzishwa kwa sababu ya dhambi. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kuvunja katiba. Neno likatoka, mioyo ikabaki palepale. Wazazi wengi weupe walihamia vitongoji vya nje ya miji, na waliobaki wengi walipinga watoto wao kupelekwa kwa basi kwenye shule za mitaa mingine. Hapo ndipo wazo la kuvuta badala ya kulazimisha lilipopata nguvu. McCarver, shule ya msingi mjini Tacoma katika jimbo la Washington, ilianza kwa mtindo huo mwaka 1968. Trotter ya Boston ikafuata mwaka 1969. Kwa maneno mengine, kile tunachokishangilia kanisani kama baraka kilibuniwa kama bandeji juu ya jeraha ambalo wenye nyumba hawakutaka kulikata na kulisafisha.

Mji wa Hartford, Connecticut, unaonyesha vizuri jinsi bandeji hiyo inavyofanya kazi. Mwaka 1989 Elizabeth Horton Sheff, mama wa mtoto wa miaka 10 aitwaye Milo, pamoja na familia nyingine za weusi, za Walatino na za weupe, waliishtaki serikali ya jimbo kwa sababu watoto wa mjini walikuwa wametengwa na wale wa vitongojini. Mwaka 1996 mahakama ya juu ya jimbo iliwapa haki. Sehemu kubwa ya tiba iliyochaguliwa ikawa shule za sumaku, na nafasi zikagawanywa kwa kura. Kwa miaka mingi utaratibu ulidai kwamba angalau robo ya wanafunzi wa shule hizo wasiwe weusi wala Walatino. Robo hiyo isipotimia, viti vilibaki vitupu, na huku nje watoto weusi wa mji huohuo walikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Wazazi wakarudi mahakamani, safari hii dhidi ya dawa yenyewe. Katika makubaliano ya mwaka 2022 jimbo lilikubali kuongeza nafasi kwa lengo la kumfikia kila mtoto wa Hartford anayeiomba.

Tukumbuke kile kiti kitupu. Anayesema Mungu amemnyima mtoto wangu nafasi amsemee Mungu pia juu ya kiti hicho. Nani alikiacha wazi? Si malaika. Ni hesabu iliyopigwa na watu kwenye meza.

Mtu atatukumbusha Mithali 16, mstari wa 33, unaomrudishia Bwana neno la mwisho juu ya kura. Tunaliamini. Lakini Biblia ina kura za aina nyingi, na hatuwezi kuziweka zote kapu moja. Mabaharia walipiga kura ikamwangukia Yona. Askari walipiga kura chini ya msalaba, na mmoja wao akaondoka na vazi la Mwokozi wetu. Hatujasikia mhubiri yeyote akisema askari yule alibarikiwa. Kule Shilo, katika Yoshua 18, kura ilipigwa kwa ajili ya makabila saba yaliyokuwa bado hayajapata urithi. Kura ile haikuuliza nani apate ardhi na nani akose. Iliuliza nani apate ipi. Makabila yote saba yalirudi na sehemu yao. Kura ya shule zetu haifanani na ya Shilo, kwa maana inagawa uhaba, na kabla haijapigwa inajulikana kwamba wapo watakaotoka mikono mitupu.

Kuna na kura ya Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Wanaume wawili walisimamishwa, Mathiya na Yosefu aitwaye Barsaba. Wote wawili walikuwa na sifa zilizotakiwa, wote walifuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana. Kura ikamwangukia Mathiya. Hakuna mstari unaosema kwamba Barsaba alikuwa na imani haba, au kwamba mama yake hakufunga na kuomba ipasavyo. Sisi ndio wenye tabia ya kuongeza mstari huo. Tumewasikia washarika wakimshauri mama aliyekosa kwamba mwakani aongeze maombi ya alfajiri. Shauri hilo ni baya, na mwenye kulitoa hajui anaweka mzigo gani mgongoni mwa mtoto wa miaka 11, ambaye ataamini kwamba jina lake lilifika mbele za Mungu na likarudishwa.

Kilutheri tunasema neema haina sharti wala mastahili. Ndiyo maana kura inatudanganya kwa urahisi kuliko mtihani. Aliyepita kwa mtihani anaweza kujisifu kwamba alistahili, na tunajua la kumwambia. Warumi iko wazi. Aliyepita kwa kura anasema, sikustahili, nimepewa bure, na maneno yake yanafanana kabisa na maneno ya injili. Lakini neema haina orodha ya kusubiri. Mtoto mmoja anapobatizwa, hakuna mwingine anayekosa maji. Nafasi ya shule ni kitu kizuri cha dunia hii, kama mvua, kama kazi, kama mkate wa kila siku ambao Luther, alipoueleza katika Katekismo Ndogo, aliuhesabia ndani yake hata serikali njema na majirani wema. Tushukuru kwa ajili yake. Ila tuushukuru kama mkate, ambao mwenye nao hutazama pembeni kuona nani hajala, tusiushukuru kama taji.

Nao watoto wenyewe, tukiwauliza, husema mambo ambayo hayasikiki kwenye ushuhuda. Aliyepata nafasi anaamka gizani. Basi linamkuta kituoni, si mlangoni, na kituo kiko mbali. Jioni anafika mtaani na hana wa kucheza naye, kwa sababu rafiki zake wa shule wametawanyika mji mzima. Amepata shule na kupoteza mtaa. Kule alikozoea alikuwa wa kwanza darasani, sasa kila mtu ni wa kwanza. Saa tatu usiku anakumbuka kwamba kesho anatakiwa na ubao wa maonyesho ya sayansi, na mama yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Barua pepe za shule huja kwa Kiingereza kirefu, na mtoto ndiye mkalimani wa habari zinazomhusu mwenyewe, jambo ambalo lina vishawishi vyake, kama kila mzazi aliyewahi kutafsiriwa ripoti atakavyokubali.

Kuna namna nyingine inayotuumiza zaidi. Mahali pengine mpango wa sumaku umewekwa ndani ya shule ya mtaa, jengo moja, kengele moja. Watoto waliochaguliwa wako ghorofa ya juu na maabara yao; watoto wa mtaa wako chini. Wanakutana kwenye chakula na kwenye michezo. Katika darasa moja la kipaimara tulikuwa na wasichana wawili wa jengo la namna hiyo. Jumamosi walishika Katekismo moja kwa zamu, kwa kuwa nakala hazikutosha. Siku za wiki walipishana kwenye ngazi. Tulipofika kwenye ubatizo, yule wa ghorofa ya juu aliuliza, “Mchungaji, wale wa chini nao ni shule yetu?” Mwenzake alikuwa amekaa pembeni yake, akiusubiri ukurasa.

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuhusu shule. Hakuwaandikia wazazi waombe zaidi. Aliiendea mifuko ya miji: kama kila mwaka mnatoa fedha nyingi kwa bunduki, barabara, madaraja na mabwawa, mbona zisitoke kwa ajili ya walimu wa watoto maskini? Alitaka wavulana wasome na wasichana pia. Na alijua kwamba wazazi wengi hawana nafasi wala uwezo wa kuifanya kazi hiyo peke yao, kwa hiyo akaiweka mabegani mwa mji. Kwake elimu ya mtoto wa jirani lilikuwa jambo la mji mzima. Tumerithi nyimbo zake na Katekismo yake. Barua hii tumeiacha kwa maprofesa.

Hapa linaingia jambo la anwani. Tunajua, na mnajua kwamba tunajua, kuwa baadhi yetu hujaza fomu kwa anwani ya binamu anayeishi eneo zuri. Si jambo jepesi. Katika nchi ambayo sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majumba, anwani ya mtu maskini ni hukumu juu ya mtoto wake. Huko Ohio, mwaka 2011, mama mmoja alikaa jela siku tisa kwa sababu ya kuwasomesha watoto wake katika wilaya asiyoishi. Hatuwezi kumrushia jiwe. Hata hivyo uongo ule hauilipi serikali kisasi; unamwondoa mtoto mwingine, ambaye pengine mama yake naye ni msafisha hoteli, na aliandika ukweli. Amri ya tisa, Luther anavyoifafanua, inakataza kuichukua nyumba ya jirani kwa njia inayoonekana halali. Tunawaambia washarika wasiandike anwani ya uongo. Lakini mchungaji anayelisema hilo mimbarani, na hajawahi kukanyaga kikao cha bodi ya shule, amesema nusu ya neno.

Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na binti zake watano wakaona kwamba mpango wa urithi unawaruka. Hesabu 27 haisemi walikwenda kulia hemani. Walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai, na Bwana akasema wamenena sawasawa. Mama wa Hartford ni dada yao.

Vikao vya bodi viko wazi kwa umma. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa, hivyo mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa mapema. Mwaka huu, katika usharika mmoja, wazee wa kanisa walipendekeza kwamba Jumapili ya majibu watoto wote wa darasa la tano waitwe mbele kwa pamoja, waliopata na waliokosa, na waombewe bila kutaja shule. Mzazi mmoja alikataa. Alisema amengoja miaka miwili kutoa ushuhuda wake na hatauacha. Mama ambaye mtoto wake alikosa alimjibu kwamba autoe, wala hataumia, ila Alhamisi saa kumi na mbili jioni kuna kikao kuhusu walimu wa hesabu wanaopunguzwa katika shule ya mtaa, naye hana gari. Wakapanga nani atapita kumchukua.