Kati ya Nukta na Nukta

Kidato cha nne, Kayanga, mwalimu wa hesabu alitupa karatasi moja ya grafu kwa watu wawili, tuchore y = sin x. Tulitamka "saini", na hakukosekana wa kuuliza inatiwa wapi. Kwa uvivu nilikokotoa nyuzi 0, 180 na 360 tu. Sifuri, sifuri, sifuri. Nikaweka rula, nikapiga mstari ulionyooka. Mwalimu akasema, "Nukta zako zote ni sahihi. Sasa nipe nyuzi 90." Jibu, 1. Nyuzi 270, −1. Kilima kizima na bonde zima vilikuwa vimejificha katikati ya nukta zangu za kweli.

Sasa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kipato cha wakulima wa kahawa wilayani Kyerwa. Nilikwenda Nkwenda mara mbili, Julai hii na Julai iliyopita, maana ndipo chuo hufunga. Julai ni mavuno. Robusta imeanikwa, madeni yanalipwa, mabati mapya yanapanda juu ya nyumba. Majibu ya miaka yote miwili yalilingana, nikafurahi.

Siku ya mwisho bibi mmoja aliyekuwa akigeuza kahawa juani aliniambia, "Hii unayoihesabu, mjukuu wangu, si yangu. Niliila mwezi wa pili." Alikuwa ameiuza kwa butura, ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haikungoja mavuno. Butura imepigwa marufuku, na watu hawaitaji mbele ya mgeni mwenye dodoso.

Je, nimesema uongo? Kila tarakimu niliyoandika nilipewa na mtu. Wenzangu wananishauri niongeze sentensi moja kwenye "mipaka ya utafiti", niendelee. Mimi naona sentensi ya ukurasa wa 70 haiwezi kupinda mstari ambao msomaji ameshauona kwenye ikisiri.

Wala siwezi kuchora bonde kwa kukisia. Kwenye saini tunaunganisha nukta kwa mkono bila wasiwasi kwa kuwa kanuni inajulikana; ukitaka nyuzi 37, unazipata. Februari ya yule bibi haina kanuni. Lazima mtu aende akaulize, na aulize vizuri kuliko nilivyouliza mimi.

Nimeomba kuahirisha kuwasilisha. Mkopo haulipii muhula wa ziada, na mama bado sijamwambia.