Soma Mistari, Kijana wa Kwale

Kijana wa Vanga, mpaka wa Kenya na Tanzania unaanzia kwenu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana mstari utoke mlango wa mto Umba, uzunguke Kilimanjaro, ufike Ziwa Viktoria pale inapopita latitudo ya nyuzi 1 kusini. Wenye mashamba na bahari hawakuulizwa. Walioshika ramani ndio waliosema.

Baharini nako, makubaliano ya 1975 na 1976 yaliufanya mpaka, ukishapita maji ya karibu na pwani, uelekee mashariki kwa kufuata latitudo. Majini hakuna mnara wala kibao. Kuna namba tu, na mvuvi asiyeweza kuzisoma anabaki kutegemea huruma ya askari wa doria. Hili linaniuma, kwa sababu dawa yake tunaiweza.

Latitudo zinalala kutoka mashariki hadi magharibi, na tunazihesabu kuanzia ikweta. Longitudo zinatoka ncha hadi ncha, na tunazihesabu kuanzia Greenwich, kwa kuwa mkutano wa Washington uliamua hivyo mwaka 1884. Ikweta imewekwa na mzunguko wa dunia yenyewe. Greenwich ni chaguo la watu.

Sasa shika kalamu. Diani iko karibu nyuzi 4 na dakika 18 kusini. Shimoni, nyuzi 4 na dakika 39. Toa, unabaki na dakika 21. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, takriban kilomita 1.85. Basi Shimoni iko maili 21 kusini zaidi ya Diani, na hukuhitaji hata rula! Elimu hii si ngeni kwetu: manahodha wa majahazi ya Bahari ya Hindi walikuwa wakipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, wakajua wako kaskazini kiasi gani.

Mwalimu wa Msambweni, watoe watoto nje karibu na tarehe 10 Machi. Simikeni kijiti wima. Mnamo saa sita na nusu mchana kivuli kitakwisha, maana jua litakuwa utosini. Watauliza kwa nini si saa sita kamili. Waambie saa ya Kenya inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kwenye 39 na nusu hivi. Jua linatufikia dakika 22 baadaye, na dakika chache zaidi huongezwa na mwendo wa dunia kulizunguka jua.

Nawe mwenye simu, usingoje mtihani. Nenda gatini wiki hii, keti na nahodha mmoja. Fungueni GPS, muandike namba za gati na za miamba anakovua, kisha muutafute mpaka kwenye ramani ya bahari na mpige hesabu ya maili zilizobaki. Hiyo karatasi ifunikeni plastiki, iingie chomboni kabla ya nanga kung'olewa.