Tumkumbukeje Mama Yetu?

Mwaka unakaribia kutimia tangu tulipomzika mama yetu, bibi wa wajukuu wengi, katika kijiji kimoja si mbali na Dodoma mjini. Jamaa wanajiandaa kwa ibada ya shukrani. Fulana zenye picha yake zimekwisha kuagizwa, na sisi, kwa kuwa tulikuwa walimu, tumepewa tena kazi ya kuandika wasifu wake. Kazi hiyo imetuletea swali ambalo huenda nanyi mmekutana nalo: Je, ni haki kumkumbuka mpendwa wetu kwa mema yake tu?

Katika wasifu uliosomwa siku ya mazishi tuliandika kwamba mama hakumnyima mtu chakula maisha yake yote. Watu waliitikia kwa vichwa. Jioni ile mjukuu wake mmoja akatujia, akasema, "Baba, mbona mmeandika hivyo? Bibi mwenyewe aliniambia kwamba aliwahi kumnyima mtu." Tulinyamaza, maana tulikuwapo.

Ilikuwa mwaka 1974, wakati wa ukame ulioilazimisha Serikali kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Jioni moja jirani alikuja na mtoto mgongoni kuomba uwele. Ndani ya kihenge ulikuwamo, ingawa haukufika nusu. Mama akamjibu, "Hakuna kitu, mwenzangu." Sisi watoto tulijua, tukainamisha macho. Baada ya siku chache jirani yule na jamaa zake walihama kwenda kutafuta chakula, na hatukuwaona tena.

Mama hakuwa mtu wa moyo mgumu. Mama yake mzazi alinusurika utotoni katika njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakosekana, na watu wengi mno wakafa. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yake asiifungue akiba kabla ya kuiona mvua nyingine. Hayo yanaeleza tendo la mama. Hayalifuti, na mama hakutaka lifutwe.

Tangu mavuno yaliyofuata, kila mwaka alitenga debe moja la uwele kabla sisi hatujala. Aliyekuja kuomba alipewa kutoka humo, hata kama waligombana jana. Sisi tulidhani ni ukarimu wa kuzaliwa nao. Mjukuu ndiye aliyeambiwa jina la debe lile: bibi aliliita "la yule mama".

Basi tukiiondoa jioni ile, tumeliondoa na debe. Tunabaki na mama asiyekosa kamwe, ambaye wajukuu watamsifu lakini hawataweza kumfuata. Kijana aliyekwisha kumdhulumu mwenzake atajifunza nini kwake? Lakini kwa bibi aliyekosa, akajuta, akatengeneza kwa miaka zaidi ya arobaini, atajifunza njia ya kurudi. Petro alikuwa nguzo ya Kanisa, na bado Injili zote nne zinasimulia kwamba alimkana Bwana. Walioziandika hawakumchukia.

Wako watakaosema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli, lakini mganga hawezi kuganga ugonjwa aliofichwa. Wengine watasema kwamba si vema kumsema marehemu asiyeweza kujitetea. Hilo ni zito zaidi, nasi twalikubali kwa sehemu. Siri aliyokwenda nayo kaburini si yetu kuifukua, wala kosa lake lisitajwe ili kulipiza kisasi au kugombania mashamba. Lakini neno ambalo mama mwenyewe alimkabidhi mjukuu wake si siri tena. Ni urithi.

Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo juu ya imani yake, alimtajia kwa majina bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Ndivyo imani inavyosafiri, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, jikoni na shambani. Hofu nayo husafiri njia hiyo hiyo, kama tulivyoona. Yatupasa kuangalia ni ipi tunayoipitisha.

Tumekwisha kuifuta sentensi ile. Mahali pake tumeandika kwamba mama aliwahi kumnyima jirani, na kwamba hakumsahau. Dada zetu bado hawajaridhika, na huenda tukalaumiwa siku hiyo. Mjukuu yule ameomba asome yeye. Anaishi mjini, hana shamba, lakini uwele hununua sokoni, na debe la bibi limo jikoni mwake.

Kwa yule mama na mwanawe, popote walipo, sisi tulioinamisha macho twaomba radhi. Mungu atusaidie kuwakumbuka wapendwa wetu kwa kweli na kwa upendo. Amina.