Je, kugawa nyimbo ni kuiba?

Hapa Bunyakiri mtu akipenda kwaya hawezi kuificha: zamani tulipeana kaseti, leo tunajaziwa kadi memori sokoni. Je, ni dhambi? Tumkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" mwaka 1939, dunia ikauimba, naye akafa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006. Hakunyimwa na aliyemsikilizisha jirani yake, bali na wafanyabiashara. Basi, kumpa ndugu wimbo bure, na kumtajia jina la kwaya, sisi tunaona ni ushirika. Lakini anayejaza kadi kwa franka anauza jasho la waimbaji. Na sisi tuliomlipa? Tumenunua naye.