Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 18:41–46 na 1 Wafalme 19:1–21 kabla ya kuendelea.

Kuna swali ambalo waumini wengi hawaliulizi kwa sauti darasani, ingawa wanakuja nalo kanisani Sabato baada ya Sabato: je, mtu anayempenda Mungu kweli anaweza kuchoka mpaka asitamani tena kuomba? Yupo mama anayeuza sokoni siku sita na kulea wajukuu usiku. Leo anaketi darasani, na lesoni yake imesomwa Jumapili na Jumatatu tu. Yupo mzee wa kanisa ambaye pia ni mwalimu wa ubatizo, mjumbe wa kamati ya ujenzi na mlezi wa Watafuta Njia. Anaongoza sala ya kufungua huku moyo wake mkavu kama mto wa kiangazi. Wakijaribu kusema, wanajibiwa kwa upole, "Omba zaidi, mpendwa." Jibu hilo si la uongo. Lakini mara nyingi humtwika mchovu mzigo wa pili: alikuwa amechoka, na sasa ana hatia ya kuchoka.

Biblia hailikwepi swali hili. Inatuonyesha nabii mkubwa akiwa amelala chini jangwani, akiomba afe.

Tukumbuke alikotoka. Ukame ulikuwa umedumu miaka mitatu na miezi sita. Juu ya mlima Karmeli, Eliya alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, akaijenga upya madhabahu, akaomba, moto ukashuka. Kisha akapanda tena kileleni kuomba mvua, akimtuma mtumishi wake aende kutazama upande wa bahari mara saba. Mvua ilipokuja, alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Yote hayo yalifanyika kwa siku moja. Hatusomi popote kwamba alikula. Ahabu aliambiwa apande akale na kunywa, naye akaenda kula. Eliya akaenda kuomba.

Ndipo ujumbe wa Yezebeli ukamfikia. Mwanamke mmoja aliyekasirika, na tishio lenye saa ishirini na nne ndani yake. Aliyewakabili manabii 450 asubuhi akashindwa kukabili ujumbe mmoja. Tunaweza kusema alipoteza imani, na kwa namna fulani ni kweli. Lakini anayewahi kumuuguza mtu usiku kucha, au kumaliza wiki ya mahubiri ya hadhara, anajua kwamba hofu huchagua saa yake. Mara nyingi haiji vitani. Huja jioni baada ya ushindi, mwili ukiwa hauna akiba.

Eliya alikimbia kusini mpaka Beer-sheba katika Yuda, zaidi ya kilomita 140 kutoka Yezreeli. Hapo akafanya jambo ambalo tukisoma haraka tunalipita: alimwacha mtumishi wake. Yule aliyetazama bahari pamoja naye mara saba akaachwa mjini, naye Eliya akaingia jangwani mwendo wa siku nzima, peke yake. Uchovu mkubwa hutufanyia hivyo. Hutushawishi tumwache mtu wa mwisho aliyebaki kando yetu, kisha hutunong'oneza kwamba hatuna mtu.

Mretemu ni kichaka cha jangwani chenye matawi membamba na kivuli haba. Chini yake ndipo alipoomba kufa. Musa naye aliwahi kuomba hivyo, alipolemewa na watu waliolilia nyama (Hesabu 11:10–15). Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye Mungu alimfuta katika orodha ya watumishi wake kwa ajili ya maneno hayo.

*Tafakari: Mungu alifanya nini kwanza kwa Eliya? Tazama tena 1 Wafalme 19:5–8, na uangalie pia yale ambayo malaika hakuyasema.*

Malaika hakuja na hotuba, wala hakumkumbusha Karmeli. Alimgusa mtu aliyelala, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale! Sisi pengine tungedhani kwamba baada ya kuona malaika, mtu anapaswa kusimama na kushuhudia. Mjumbe wa mbinguni alimpa usingizi wa pili, kisha mlo wa pili, na sababu aliyoitoa ilikuwa nyepesi na yenye huruma: safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mungu alikiri, kwa kinywa cha malaika wake, kwamba mwili wa nabii una mpaka.

Hapo ndipo tunapopata sehemu ya kwanza ya jibu la swali letu. Kuchoka si dhambi. Tuliumbwa kwa mavumbi, na Zaburi ya 103 inasema Bwana analikumbuka jambo hilo hata sisi tunapolisahau. Yesu mwenyewe aliketi kisimani Sikari kwa sababu safari ilimchosha (Yohana 4:6), akalala katika chombo dhoruba ikivuma (Marko 4:38), na wanafunzi waliporudi kutoka kazini wakiwa hawana hata nafasi ya kula, aliwaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo (Marko 6:31). Hakuwaambia kwamba roho zinapotea na hakuna wakati wa kupumzika, ingawa roho zilikuwa zikipotea.

Kanisa letu lilijifunza somo hili kwa gharama. Konferensi Kuu iliundwa Battle Creek mwezi Mei 1863, na wiki chache baadaye, Juni 1863, Ellen White alipewa huko Otsego, Michigan, njozi iliyohusu utunzaji wa afya. Sehemu ya ujumbe huo ilimgusa mume wake moja kwa moja: James White alikuwa akibeba mizigo ambayo wengine walipaswa kuibeba. Kazi haikupungua. Agosti 1865, akiwa na umri wa miaka 44, alipatwa na kiharusi. Alipelekwa kwenye kituo cha matibabu Dansville, New York, ambako alishauriwa aache kazi zote na kupumzika kabisa. Baada ya miezi kama mitatu Ellen aliona kwamba kukaa bure nako kulikuwa kunamdidimiza. Akamtoa, akamrudisha Michigan, na hatimaye wakaishi shambani Greenville. Inasimuliwa kwamba wakati wa kuvuna majani makavu mwaka 1867, Ellen alitangulia kwa majirani na kuwaomba kwamba mumewe akija kutafuta wasaidizi, kila mmoja aseme ana shughuli nyingi. Basi James akalazimika kuinua majani mwenyewe, mkewe akiyakanyaga juu ya rundo. Alipona, akarudi kuwa rais wa Konferensi Kuu.

Nalipenda simulizi hili kwa sababu halituachii jibu rahisi. Kazi bila pumziko ilimwangusha. Pumziko bila kazi halikumwinua. Vivyo hivyo kwa Eliya: mkate wa malaika haukuwa wa kumweka chini ya mretemu siku zote. Ulikuwa wa safari ya siku arobaini.

Na hapa tuseme juu ya Sabato, maana ni dawa tuliyopewa mikononi. Kiswahili kina hazina katika neno lenyewe: kupumzika ni kupata pumzi. Kiebrania kinafanana. Katika Kutoka 23:12, inaposemwa kwamba mwana wa mjakazi na mgeni waburudike siku ya saba, kitenzi kilichotumika ni cha nyumba moja na neno nefeshi, ndugu wa neno letu nafsi lililotufikia kwa Kiarabu. Maana yake ni kuvuta pumzi, nafsi kurudi mahali pake. Kitenzi hicho kinaonekana mara tatu tu katika Biblia nzima. Mara moja ni kwa watumishi na wageni, mara moja kwa Mungu mwenyewe baada ya uumbaji (Kutoka 31:17), na mara moja kwa Daudi na watu wake walipofika wamechoka wakimkimbia Absalomu (2 Samweli 16:14). Muumba, mfalme anayekimbia, na mtoto wa mjakazi: wote wanavuta pumzi kwa neno moja.

Sasa tujiulize kwa uaminifu kama Sabato yetu inampa mtu pumzi. Wako washiriki wanaofika saa mbili asubuhi na kuondoka jua likizama: Shule ya Sabato, ibada kuu, mazoezi ya kwaya, kikao, kikao kingine, ziara. Yote ni mema. Lakini amri ilimtaja mjakazi kwa makusudi, na mjakazi wa siku zetu anaweza kuwa dada wa kazi aliyebaki nyumbani akipika kwa ajili ya wageni wa Sabato, au mke wa mzee wa kanisa ambaye siku ya maandalio humkuta jikoni na Sabato humkuta jikoni vilevile. Kutunza saa ilhali nafsi ya mwingine haivuti pumzi ni kuishika amri kwa mkono mmoja.

Eliya alifika Horebu, akaingia pangoni. Bwana akamuuliza anafanya nini pale. Akajibu kwamba ameona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, kwamba Israeli wameliacha agano, na kwamba amebaki peke yake. Kisha ukapita upepo uliopasua miamba, tetemeko, moto, na mwishoni sauti ndogo, tulivu. Mahubiri mengi huishia hapo, kana kwamba sauti ile ilimaliza yote. Lakini soma mstari wa 14. Aliulizwa swali lilelile, akatoa jibu lilelile, karibu neno kwa neno. Uwepo wa Mungu ulikuwa umepita mbele yake, na moyo wake ulikuwa bado umechoka.

Hili ni faraja kwa wengi. Umefunga na kuomba, umehudhuria makambi, umelia wakati wa wito, na Jumatatu uzito ukarudi. Usihesabu kwamba Mungu hakuwapo. Katika Manabii na Wafalme, Ellen White anaandika wazo ambalo kila mchovu angelihifadhi: Mungu hakumpenda Eliya pungufu alipojiona ameachwa na wote, kuliko alipomjibu kwa moto. Na palipo uzito usioondoka kwa wiki nyingi, usingizi ukipotea na mawazo ya kufa yakirudi, kumwona daktari ni sehemu ya ujumbe wetu wa afya, wala si kumsaliti Bwana. Mtu aliyesema anatamani kufa asiachwe peke yake jangwani. Akae na mtu, apewe chakula, apelekwe hospitali.

Angalia basi Mungu alivyojibu jibu la pili la Eliya. Hakubishana na hisia zake. Alisahihisha hesabu yake. Walikuwapo 7,000 wasiopiga goti kwa Baali. Tena Eliya alikwisha kuambiwa sehemu ya habari hiyo: kabla ya Karmeli, Obadia alimweleza kwamba amewaficha manabii mia moja mapangoni, hamsini hamsini, akiwalisha mkate na maji (1 Wafalme 18:13). Alilisikia, lakini uchovu ulikuwa umelila. Ndiyo sababu tunahitaji mtu wa kutuhesabia tunapochoka, maana macho yetu wenyewe huona moja tu.

Kisha akapewa kazi tatu: amtie mafuta Hazaeli awe mfalme wa Shamu, Yehu awe mfalme wa Israeli, na Elisha awe nabii mahali pake. Fuatilia kazi hizo katika kitabu cha pili cha Wafalme, uone nani alizikamilisha. Habari ya Hazaeli ilimfikia kwa kinywa cha Elisha (2 Wafalme 8). Yehu alitiwa mafuta na kijana mmoja wa wana wa manabii, aliyetumwa na Elisha (2 Wafalme 9). Eliya mwenyewe alifanya moja tu, ya Elisha. Mungu alimpa orodha ndefu na mtu wa kumsaidia kuibeba, na hatusomi kwamba alimkemea kwa sehemu iliyobaki. Musa naye, alipoomba kufa, alipewa wazee sabini (Hesabu 11:16–17).

Ikiwa kanisa lenu linakaribia uchaguzi wa viongozi, ijadilini habari hii kabla kamati haijakaa. Ni nani amepewa nafasi nne kwa sababu tu hakatai? Ni nani ana karama na hajaombwa kitu miaka miwili?

Elisha alikuwa akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe Eliya alipopita na kumtupia vazi lake. Akawachinja ng'ombe wake, akawapikia watu, akamfuata. Miaka baadaye, mfalme wa Yuda alipouliza kama kuna nabii karibu, mtumishi mmoja alimtaja Elisha, na hakutaja muujiza wowote. Alisema ndiye yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi (2 Wafalme 3:11). Mtu aliyeapa kwamba amebaki peke yake aliishi miaka yake ya mwisho akinawishwa na mwingine kabla ya kula.